Kumtafuta Paul Robeson katika Picha Zisizojulikana

Ndugu wanafunzi wa madarasa ya watu wazima, natumaini kila mmoja ana daftari na kalamu. Leo tutaandika majina na miaka. Nawe unayesoma maneno haya katika karatasi baada ya kipindi kwisha, karibu. Soma polepole. Ukikuta neno gumu, tazama mwisho wa somo.

Somo la leo ni juu ya kutafuta. Zamani gari la sinema lilipofika kijijini, watu walitazama picha iliyoletwa. Hakuna aliyeulizwa anataka ipi. Hata leo mara nyingi ni hivyo hivyo: tunatazama kile kilichowekwa mbele yetu. Lakini mtu anayejua kusoma anaweza kufanya zaidi. Anaweza kuandika jina la picha anayoitaka, akaiulizia, akaitafuta mpaka akaipata. Nitawaonyesha namna ya kufanya hivyo kwa kumfuata mtu mmoja, mchezaji wa sinema na mwimbaji, Paul Robeson.

Paul Robeson alikuwa nani?

Paul Robeson alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898 katika mji wa Princeton, Marekani. Baba yake alizaliwa mtumwa, akatoroka, akawa mchungaji wa kanisa. Paul alisoma sana, akacheza mpira wa Kimarekani kwa sifa kubwa, kisha akapata shahada ya sheria mwaka 1923. Kazi ya sheria aliiacha kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, akaingia katika michezo ya kuigiza na uimbaji. Sauti yake ilikuwa nzito na ya chini sana. Ukiisikia mara moja huisahau. Alifariki tarehe 23 Januari 1976.

Kuna jambo moja linalomhusu ambalo litawafurahisha. Alipokaa London katika miaka ya 1930, alijifunza lugha za Kiafrika katika chuo cha lugha za mashariki cha mji ule, na Kiswahili kilikuwa mojawapo. Tena mke wake, Eslanda, alisafiri Afrika mwaka 1936 pamoja na mtoto wao, akafika Afrika Kusini na Uganda. Kwa hiyo mtu huyu si mgeni kabisa kwetu.

Kwa nini tutafute picha zisizojulikana?

Labda mtauliza: Ikiwa Robeson alicheza katika picha kubwa, kwa nini tusitazame hizo tu? Swali ni zuri. Nitalijibu kwa mfano.

Mwaka 1935 ilitoka picha ya Kiingereza iitwayo Sanders of the River. Robeson alicheza kama Bosambo, mtemi wa Kiafrika. Katika picha hiyo hiyo alionekana Jomo Kenyatta, ambaye wakati ule aliishi London, akicheza kama mmoja wa machifu. Ndiye Kenyatta yule yule aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Kenya mwaka 1964. Robeson alikubali kazi ile kwa kuwa alitumaini ulimwengu utaona ngoma, nyimbo na heshima ya Waafrika. Lakini picha ilipokamilika, ilikuwa inausifu utawala wa Waingereza. Bosambo mwema ni yule anayemtii bwana mkubwa. Baadaye Robeson mwenyewe aliikataa picha hiyo mbele ya watu.

Hapo ndipo penye fundisho. Katika picha kubwa, mwenye fedha ndiye anayechagua maneno. Mchezaji anapewa nguo, anapewa la kusema, na mwishoni mwingine anakata na kuunga. Si kwamba picha zake zote kubwa zilikuwa mbaya. The Proud Valley ya mwaka 1940, inayohusu wachimba makaa ya mawe wa Wales, aliipenda mwenyewe. Lakini ukitaka kujua mtu anasimama upande gani, tazama kazi aliyoichagua hata kama haikumletea fedha wala sifa. Kwa Robeson, kazi hiyo imo katika picha ndogo, na katika picha za habari za kweli ambazo watu wachache waliziona.

Ugumu wa kwanza: huenda haonekani

Mtu akianza kutafuta picha za Robeson, kwa kawaida huulizia picha alizocheza. Akifanya hivyo tu, atakosa zilizo muhimu. Sababu yake ni hii. Mtu anaweza kuwamo ndani ya picha kwa njia nyingi. Anaweza kucheza, nawe ukamwona uso. Anaweza kusimulia, nawe ukasikia sauti yake bila kumwona hata kidogo. Anaweza kuimba wimbo mmoja tu. Au anaweza kuwa yeye mwenyewe ndiye habari inayoelezwa.

Kwa hiyo katika daftari lako chora mistari ugawanye ukurasa sehemu nne: ANACHEZA, ANASIMULIA, ANAIMBA, ANAELEZWA. Kila picha utakayosikia habari zake, iandike mahali pake pamoja na mwaka. Ninyi mnaosikiliza redio mnajua kumtambua mtu kwa sauti bila kuuona uso wake. Ujuzi huo utawafaa sana hapa.

Borderline, mwaka 1930

Tuanze na ANACHEZA. Borderline maana yake ni mstari wa mpaka. Ilipigwa mwaka 1930 katika mji mdogo wa Territet, nchini Uswisi, na kikundi cha marafiki waliopenda sanaa. Mwongozaji wake ni Kenneth Macpherson. Paul alicheza pamoja na mke wake Eslanda, nao si watu wa kazi ya kulipwa sana pale, bali wageni wa kikundi kile.

Hii ni picha bubu. Maneno yake yameandikwa, nayo ni machache, kwa hiyo mtazamaji lazima asome upesi na kutazama nyuso kwa makini. Hadithi yake inahusu mji mdogo wa Wazungu. Mzungu mmoja anaua, naye anaachiwa huru. Mweusi hakuua mtu, lakini mwishoni yeye ndiye anayeandikiwa barua aondoke mjini. Nani amekosa, na nani anaadhibiwa? Picha haikuhubiri. Imeonyesha tu, ikanyamaza.

My Song Goes Forth, mwaka 1937

Sasa andika jina la pili: My Song Goes Forth, yaani wimbo wangu unatoka kwenda mbele. Ni picha ya habari za kweli juu ya Afrika Kusini, iliyoongozwa na Joseph Best. Robeson aliombwa aimbe. Lakini alipoona maelezo yalivyopangwa, hakuridhika kuimba tu. Aliandika upya maneno ya utangulizi, ili mtazamaji ajue kwamba nchi ile ina wenyewe, na kwamba utajiri unaoonyeshwa umetoka katika jasho lao.

Picha hii itatufundisha ugumu wa pili wa kutafuta. Imewahi kuitwa kwa majina matatu: My Song Goes Forth, na Africa Sings, na Africa Looks Up. Mtu anayejua jina moja tu anaweza kuambiwa kwamba haipo, kumbe iko rafuni kwa jina jingine. Basi usikate tamaa. Andika majina yote, andika na jina la mwongozaji, andika na mwaka. Jina la picha hubadilika. La mwongozaji hubaki, na mwaka hausogei mbali.

Native Land, mwaka 1942

Katika sehemu ya ANASIMULIA, andika Native Land kwa herufi kubwa. Maana yake ni nchi ya kuzaliwa. Waongozaji wake ni Leo Hurwitz na Paul Strand. Ilichukua miaka kadhaa kumalizika kwa sababu fedha ziliisha mara kwa mara, zikatafutwa tena kidogo kidogo. Uso wa Robeson hauonekani kabisa. Lakini tangu mwanzo hadi mwisho sauti yake ndiyo inayotuongoza.

Picha inaeleza namna wafanyakazi na wakulima wa Marekani walivyonyimwa haki zao katika miaka ya 1930. Mambo yake yalitoka katika uchunguzi wa kamati ya Baraza la Seneti, ambayo iliwahoji watu juu ya wapelelezi waliopandwa ndani ya vyama vya wafanyakazi na juu ya wanachama waliopigwa na kuuawa. Matukio mengine yaliigizwa upya, na mengine ni picha zilizopigwa siku ya tukio lenyewe. Mtazamaji mwema hujiuliza kila mara: hiki ninachokiona kimeigizwa, au ndicho kilichotokea?

Nitawaeleza sehemu moja tu. Katika jimbo la Arkansas wako wakulima wa pamba, wanaolima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno. Wanakutana kanisani, weusi na weupe pamoja. Wanataka bei ya pamba yao iongezwe senti chache. Hawana silaha, hawakumtukana mtu. Mkutano unavunjwa kwa nguvu. Watu wawili wanakimbia, mmoja mweusi na mmoja mweupe. Wanasaidiana njiani, na wote wawili wanapigwa risasi. Robeson anasimulia bila kupaza sauti. Hasemi kwamba huyu ni wetu na yule ni wao. Anawasimulia wote wawili kama ndugu waliofiwa pamoja na kufa pamoja. Mwishoni tunakumbushwa mauaji ya Chicago ya mwaka 1937, wakati polisi walipowapiga risasi wafanyakazi wa chuma waliogoma, wakafa watu 10.

Kwa nini basi picha hii haikujulikana? Ilitoka mwaka 1942, miezi michache tu baada ya Marekani kuingia katika Vita Kuu ya Pili. Wakati ule watu walitaka habari za umoja wa taifa, hawakutaka kukumbushwa magomvi ya nyumbani. Ikaonyeshwa mahali pachache, kisha ikawekwa kando. Ndugu zangu, picha haifi kwa kuchomwa moto tu. Hufa pia kwa kukosa mtu wa kuiulizia.

Wimbo wa Mito, mwaka 1954

Katika sehemu ya ANAIMBA, andika Song of the Rivers, yaani wimbo wa mito. Ilitengenezwa Ujerumani ya Mashariki mwaka 1954, na kwa Kijerumani huitwa Das Lied der Ströme. Mwongozaji alikuwa Mholanzi, Joris Ivens. Muziki ulitungwa na Dmitri Shostakovich wa Urusi, maneno ya wimbo yaliandikwa na Bertolt Brecht wa Ujerumani, na mwimbaji ni Robeson. Picha inafuata mito mikubwa sita na wafanyakazi wanaoishi kandokando yake: Volga, Mississippi, Ganges, Amazon, Yangtze, na Nile. Sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda tunaujua Nile pale unapotoka, katika Ziwa Victoria.

Sasa sikilizeni jambo hili. Mwaka 1950 serikali ya Marekani ilikuwa imefuta pasipoti ya Robeson kwa sababu ya maneno yake juu ya haki za weusi, uhuru wa makoloni na amani. Hakuweza kwenda Ulaya. Hakurudishiwa pasipoti mpaka mwaka 1958, baada ya mahakama ya juu kabisa ya nchi yake kuamua kwamba serikali haina mamlaka ya kumnyima raia pasipoti kwa sababu ya mawazo yake ya siasa. Kwa hiyo mwaka 1954, alipotakiwa kuimba wimbo wa mito, aliuimbia Marekani, sauti ikarekodiwa, ikapelekwa Ujerumani, ikaunganishwa na picha. Mwenyewe alizuiwa nyumbani, na sauti yake ikaenda kusikika pamoja na mito ya ulimwengu. Ukiisikiliza huku unajua habari hiyo, wimbo hauwi ule ule tena.

Vipande vya mwisho

Vipande vingine ni vifupi mno, dakika chache tu. Kimoja kilipigwa Sydney, Australia, tarehe 9 Novemba 1960. Wakati huo jumba kubwa la muziki la mji ule lilikuwa bado linajengwa. Lilifunguliwa mwaka 1973. Robeson, mwenye umri wa miaka 62, alikwenda mahali pa ujenzi akawaimbia mafundi na vibarua wakati wa mapumziko ya chakula cha mchana. Wengine wanaonekana wamekaa juu ya majukwaa ya ujenzi. Waashi walikuwa wa kwanza kuimbiwa katika jumba lile, kabla ya mtu yeyote mwenye tikiti.

Na katika sehemu ya ANAELEZWA, andika Paul Robeson: Tribute to an Artist, ya mwaka 1979. Ni picha fupi ya dakika 30 hivi, iliyoongozwa na Saul J. Turell na kusimuliwa na Sidney Poitier. Ilipata tuzo ya Oscar ya picha fupi ya habari za kweli. Sehemu yake nzuri ni ile inayoonyesha namna Robeson alivyoubadili wimbo wake maarufu, Ol' Man River, kadiri miaka ilivyopita. Mwanzoni aliimba maneno aliyoandikiwa, maneno ya mtu aliyechoka na kukata tamaa. Baadaye aliyageuza mwenyewe, yakawa maneno ya mtu asiyeacha kupigana. Kwa dakika 30 utamwona mtu akiyachukua maneno ya wengine na kuyafanya yake.

Namna ya kutafuta na kutazama

Sasa nitataja hatua. Mwalimu atawasaidia kuziandika ubaoni.

Hatua ya kwanza: andika jina la picha kwa herufi zake zenyewe, hata kama ni la kigeni. Herufi moja ikikosewa, anayekutafutia hataipata.

Hatua ya pili: ulizia katika maktaba, katika vituo vya utamaduni, na kwa kupitia intaneti. Kama darasa lina simu moja yenye intaneti, itumieni pamoja. Nchi nyingi zina hifadhi za filamu ambazo kazi yake ni kutunza picha za zamani, na barua fupi yenye jina, mwaka na swali moja hujibiwa vizuri kuliko barua ndefu.

Hatua ya tatu: tazama kama zimekusanywa. Mwaka 2007 kampuni ya Criterion ya Marekani ilitoa mkusanyo wa DVD za Robeson, na ndani yake zimo Borderline, Native Land na Tribute to an Artist. Lakini jihadhari kabla ya kutoa fedha. DVD za Marekani kwa kawaida huwekwa alama ya eneo la 1, na nchi zetu ziko eneo la 5. Mashine nyingine zitaikataa.

Hatua ya nne: hakikisha ni picha nzima. Kipande cha dakika tano si Native Land, ambayo inakaribia saa moja na nusu. Anayehukumu picha kwa kipande ni sawa na anayehukumu kesi kwa kumsikiliza shahidi mmoja.

Hatua ya tano: soma majina yanayopita mwanzoni na mwishoni. Wengi huinuka majina yanapoanza kupita. Ninyi msiinuke. Hapo ndipo panaposomeka nani aliandika maneno, nani alitoa fedha, nani alishika kamera.

Hatua ya sita: kama inawezekana, tazama mara mbili. Mara ya kwanza fuata hadithi. Mara ya pili, fumba macho dakika chache usikilize sauti peke yake.

Ndugu wanafunzi, huenda baadhi yenu mmeanza kusoma mkiwa na umri mkubwa, na watu wakawauliza mtafaidi nini. Mojawapo ya faida ni hii tuliyoizungumza leo. Asiyejua kusoma alimjua Robeson kama Bosambo, kwa sababu ndiye aliyeletewa. Anayejua kusoma anaweza kumtafuta Robeson wa Native Land na wa wimbo wa mito, akaamua mwenyewe. Na si Robeson tu. Yuko mwimbaji wa kwenu, yuko mzee wa kwenu, ambaye kazi yake nzuri iko mahali fulani haijaulizwa. Andikeni jina lake. Kwaherini mpaka kipindi kijacho.

Maneno ya kujifunza

Mwongozaji: mtu anayesimamia utengenezaji wa picha na kuwaelekeza wachezaji.
Msimulizi: mtu anayeeleza habari katika picha, mara nyingi bila kuonekana.
Picha bubu: picha ya sinema isiyo na sauti ya maneno, maneno yake huandikwa.
Hifadhi ya filamu: nyumba ya kutunzia picha za sinema zisiharibike wala kupotea.
Pasipoti: kitabu cha serikali kinachomruhusu raia kusafiri nchi za nje.
Chama cha wafanyakazi: umoja wa wafanyakazi wa kutetea haki na mishahara yao.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini Robeson aliikataa picha ya Sanders of the River?
2. Katika Native Land haonekani. Je, inafaa kuiita picha ya Robeson? Toa sababu zako.
3. Picha ya My Song Goes Forth imeitwa majina gani mengine? Majina hayo yanamsumbuaje anayetafuta?
4. Robeson alizuiwa kusafiri mwaka 1954. Aliwezaje kuimba katika picha iliyotengenezwa Ujerumani ya Mashariki?
5. Kazi ya kuandika: andika barua ya mistari sita kwa maktaba ukiulizia picha moja uliyoisikia leo. Taja jina la picha, mwongozaji na mwaka.